Shanga Kumi na Mbili za Kupe Jike

Kituo cha mifugo, nje ya Hyderabad
14 Novemba 1988

Mdogo wangu Sayari,

Ram-Ram kwako, kwa Baba na Mama, na kwa kila mwenye miguu miwili au minne hapo nyumbani. Mimi nipo. Mgongo unauma lakini bado unanisimamisha. Goti la Baba linaendeleaje? Mwambie asikae kwenye mchanga wa baridi. Mama asilie kwamba sili. Nakula wali asubuhi na wali jioni, kwa mchuzi wa ukwaju unaowasha mpaka masikio. Mkate wa uwele nauota nikiwa macho.

Umesema watu wa kisimani wanakuuliza kaka yako anafanya kazi gani na wewe huna la kujibu. Sasa nitakuambia, ila usicheke mbele ya Baba. Nimeajiriwa kufuga kupe.

Hujasoma vibaya. Baba na babu walimaliza ujana wao wakiwang'oa kupe kwenye ngamia, na mimi nimepanda treni siku mbili kuja kuwalisha. Tuna ndama kumi na wanne. Kila mmoja amebandikwa mfuko wa kitambaa sikioni, na ndani ya mfuko wanakaa kupe kama wapangaji. Mimi nafua mifuko, nazoa samadi, nashika ndama, nahesabu kupe. Jioni vidole havikunjiki.

Mkubwa wetu ni mwanamke, Daktari Vasantha. Ni mfupi, mkali, ana miwani machoni na nyingine kichwani, na huitafuta ya tatu. Kazi yake yote ni jambo moja. Kupe jike hana sauti, wala haendi popote. Anajikita mahali pamoja kwenye ngozi, ananyonya, na baada ya siku tano au sita anaanza kutoa harufu. Mimi siisikii. Ndama haisikii. Lakini dume aliye upande wa pili wa ndama, aliyezama katika chakula chake, anachomoa mdomo na kuanza safari.

Nimeona kwa macho haya. Mwenzangu Yadagiri, mwenyeji wa huku, huwapa majina. Jana alisafiri mmoja aitwaye Inspekta. Alitoka paja la kushoto, akapanda mgongo, akapotea shingoni, akarudi, na baada ya dakika arobaini akafika kwa mwenye harufu. Tulimpigia makofi. Daktari akatoka ofisini kuuliza ndama amefanya nini.

Sasa lililonifanya niandike. Baba anataka harusi zote mbili ziwe siku ya sikukuu ya Akha Teej, mwezi wa tano. Wewe uende kwa Gomaram, na dada yake, huyo Lehri, aje kwetu awe mke wangu. Kanuni unaijua: msichana kwa msichana, na moja ikivunjika ya pili imevunjika. Mimi sina neno. Mke ni mke, nafanya kwa ajili ya wazee. Lakini wewe Gomaram humjui. Niambie kwa kweli, unakubali?

Kaka yako,
Pemaram

*

Kherali
2 Desemba 1988

Kaka Pema,

Ram-Ram. Goti la Baba limevimba lakini mdomo wake mzima. Mama amefuma blanketi jipya la manyoya ya ngamia na hasemi ni la nani. Dume letu la ngamia limeingia majira yake ya kutaka majike, linatoa lile puto jekundu kando ya mdomo na kubwabwaja mchana kutwa, povu kila mahali. Jirani kaja kulalamika. Baba kamwambia, "Wewe ulikuwa hivyo hivyo mwaka ule, ila sisi hatukulalamika."

Barua yako niliisoma kwa sauti kama kawaida, maana hapa mwenye kusoma ni mimi peke yangu. Nilipofika kwenye kupe nikataka kuruka, lakini nilishaanza kucheka, na Mama akasema nisome kila kitu au nisipewe mtindi. Nikasoma. Baba akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Serikali imekosa wajinga wa kuwapa kazi, ikaja kumchukua wangu." Kesho yake alihadithia kisima kizima, na alihadithia kwa majivuno. Usimwambie nimekuambia.

Swali langu: dume akishafika baada ya safari yote hiyo, jike humpokea?

Kuhusu Lehri, umesema mke ni mke. Sawa. Basi haikuhusu kwamba nilimwona gulioni mwezi uliopita. Haikuhusu kwamba amekuwa mrefu, wala kwamba anampanda ngamia asiye na kamba puani na ngamia anamtii. Siandiki zaidi, nisije nikamchosha mtu aliyesema mke ni mke.

Kuhusu Gomaram, kupe ni wengi sana mwaka huu. Ngamia wetu wa maziwa, Dhauli, amejaa mapajani na chini ya mkia, na amekuwa mkali, juzi amenipiga teke la nusu. Huyo daktari wako hana dawa?

Sayari

*

Hyderabad
20 Desemba 1988

Mdogo wangu,

Ram-Ram kwa wote. Mwambie Baba nimesikia salamu zake. Huku hakuna baridi, ila mbu wa kutosha kutolea mahari.

Swali lako nilimpelekea Daktari. Alifurahi mpaka akanikalisha kwenye kiti chake. Jibu ni kwamba jike humpokea. Lakini dume asipofika, jike haondoki. Anangoja palepale, wiki baada ya wiki, na ajabu ni kwamba hashibi. Wenye waume hunywa mpaka wanakuwa kama zabibu, wanadondoka, wanataga mayai maelfu. Asiye na mume anabaki mdogo kama punje ya uwele, na mayai hapati. Kwa hiyo ukimnyima waume, umemaliza ukoo. Ndiyo siri anayoisaka Daktari.

Na njia yake ya kuwanyima ni hii. Ile harufu anayo kwenye chupa, chumvi nyeupe, na kwetu sisi inanuka kama sakafu ya zahanati. Anaiyeyusha kwenye mafuta, anapaka ushanga wa kioo, anaubandika kwenye ndama. Dume anatoka mbali, anaukuta ushanga, anaupanda, anauzunguka, anaingia chini yake kutafuta kilichomleta. Inspekta amekaa na ushanga siku nzima. Nilitaka kumtoa, Yadagiri akasema, "Mwache. Mimi nina shemeji aliyeoa vibaya zaidi ya hapo."

Nilimweleza Daktari habari za Dhauli. Hajui kama kupe wa ngamia hufuata harufu hiyo hiyo, na anataka sana kujua. Ametoa shanga kumi na mbili, zimo kwenye kopo hili. Hazina sumu. Nyoa mahali padogo karibu na mapaja, bandika kwa gundi ya mgunga, na kila asubuhi hesabu madume waliokusanyika, watoe, andika. Usisahau kuandika. Daktari hula hesabu kama sisi tunavyokula mkate.

Hujanijibu kuhusu Akha Teej.

Asiye na kamba puani? Nauliza kwa sababu ya usalama wa ngamia tu.

Pemaram

*

Kherali
22 Januari 1989

Kaka Pema,

Ram-Ram. Wote wazima. Binamu yetu wa Sadri kapata mtoto wa kiume mwenye kelele kama Shangazi.

Kopo lilifika nikiwa malishoni. Mama akalifungua, akaona shanga, na kwa kuwa zimetoka kwa mwanawe akajua ni pambo. Nikarudi nikamkuta Dhauli amevishwa mkufu, shanga zote kumi na mbili kwenye uzi mwekundu, na vishada vya sufu katikati. Alipendeza. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kupe madume kumi na tisa shingoni mwake, wamejipanga kwenye uzi kama wageni wa harusi wanaongoja chakula. Mama akapiga kelele, Baba akacheka mpaka akashika goti.

Kwa hiyo mwambie Daktari kwamba kupe wa ngamia nao ni wajinga vilevile.

Kisha tukabandika ulivyosema. Siku ya kwanza madume ishirini na wawili. Ya pili kumi na saba. Ya tatu thelathini na moja. Ya nne Dhauli hakutaka kupiga magoti. Ya tano alishikwa vizuri, ishirini na nane. Orodha nzima iko nyuma ya karatasi. Majike wapo palepale wanangoja, na kweli hawanenepi. Nikiwaangalia nawahurumia kidogo, halafu nakumbuka wanakaa wapi.

Mengine sina la kuandika.

Sayari

*

Hyderabad
9 Februari 1989

Mdogo wangu Sayari,

Ram-Ram kwa Baba na Mama, na pole kwa Mama kwa mkufu wake.

Orodha yako imemtia Daktari wazimu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakimbia kumwonyesha mkuu wa kituo, kiatu kimoja mguuni. Amesema jina lako litaandikwa kwenye ripoti yake. Amesema pia hesabu zako ni safi kuliko zangu, jambo ambalo sikuona haja ya kulisema mbele ya Yadagiri. Sasa Yadagiri kila nikihesabu ananiuliza kama nimwite dada yangu.

Endelea wiki nne zaidi.

Lakini nina neno. Mimi nimechoka, ila akili sijaiacha kwenye treni. Dhauli hapigi magoti kwa kila mtu. Waliomweza ni Baba na mimi. Baba ana goti. Mimi niko huku. Umeandika "alishikwa vizuri." Alishikwa na nani?

Na kuhusu Akha Teej bado hujajibu. Nimeuliza mara mbili.

Pemaram

*

Kherali
1 Machi 1989

Kaka,

Ram-Ram. Wote wazima.

Hesabu ni kama zilivyo nyuma. Madume wanapungua, juzi walikuwa sita tu. Tarehe kumi na nane usiiamini sana, niliandika tisa lakini huenda ni kumi na mmoja, mtandio ulikuwa usoni nikawa siwaoni vizuri. Dhauli ameacha kujikuna na maziwa yameongezeka.

Ameshikwa na mtu anayemweza. Usiniulize. Na mambo ya Akha Teej usiniulize kwenye karatasi, maana mtu wa posta anashika bahasha zetu juu ya mvuke wa chai.

Lehri aliniuliza kama kaka yangu bado anawapenda kupe. Nikamwambia sijui anampenda nani, yeye huandika kupe tu.

Sayari

*

Hyderabad
17 Machi 1989

Mdogo wangu,

Ram-Ram. Leo siandiki habari za wali.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kwenye zamu, mpaka ndama mmoja akaitafuna pembeni. Sasa nimeelewa. Kuna mwanamume. Anakuja kukushikia ngamia, nawe unajifunika uso ili watu wa njiani wasikutambue ukiwa naye. Nikikuuliza kuhusu Gomaram unanijibu kuhusu kupe. Sikukasirikii. Nilikasirika siku mbili, nikavunja ndoo, basi.

Sikiliza. Ukisema wewe kwamba humtaki Gomaram, watakukalisha katikati ya wazee, na jina lako litatembea kila kisima mpaka uzeeni. Nikisema mimi, ni mwanamume aliyeharibika mjini, watanitukana mwaka mmoja na kuchoka. Nami niko mbali, matusi hayafiki. Kwa hiyo nimeandika karatasi kwa Baba, imo humu. Isome kwa sauti kama ilivyo, usibadili hata neno. Nimesema simtaki Lehri. Nikimkataa Lehri, na wewe umefunguliwa.

Usinionee huruma. Nilishasema, mke ni mke.

Huyo mtu awe mwema kwako. Kama anamweza Dhauli hawezi kuwa mbaya sana.

Pemaram

*

Kherali
4 Aprili 1989

Kaka yangu mpumbavu,

Ram-Ram, na shika kitu usianguke.

Wewe ni Raika wa wapi, usiyejua mila za kabila lako? Msichana katika kijiji cha baba yake hujifunika uso mbele ya nani? Mbele ya jirani? Mbele ya mpita njia? Nimekwenda kichwa wazi Kherali nzima tangu nizaliwe. Mtandio hushushwa mbele ya wakwe, na mbele ya mmoja tu mwingine. Nilikuandikia wazi kabisa, nikadhani nimekuwa mshenzi kwa uwazi wangu, nikaona haya siku tatu. Nawe ukasoma ukamwona mwizi.

Ni Gomaram. Anayemshika Dhauli ni Gomaram.

Alikuja kisimani mwezi wa kwanza na ngamia wao saba wamejaa kupe. Alikuwa amesikia kwamba dada wa Pema ana shanga zinazowaita. Nilipoona kilemba chake nikashusha mtandio, na Dhauli akaona nafasi ya kunipiga teke la pili. Gomaram akamshika sikio, akamwambia neno moja, akapiga magoti. Dhauli, si Gomaram.

Wachumba hawasemezani, unajua, nasi hatujasemezana hata siku moja. Tunasema na ngamia. Yeye husema, "Dhauli, mwambie mwenye mtandio amemsahau mmoja chini ya mkia." Nami nasema, "Dhauli, mwambie mwenye kilemba akinyamaza nitahesabu vizuri." Yeye husema, "Dhauli, muulize kama kupe wakiisha nitapata wapi sababu ya kuja." Siku hiyo ndiyo ile tarehe kumi na nane. Sasa unajua kwa nini tisa walikuwa kumi na mmoja.

Kwa hiyo ukae ufikirie ulichofanya. Ukimkataa Lehri, Gomaram nami tumekwisha.

Bahasha yako ilifika wakati Baba na Mama wote wameketi wanangoja, na karatasi ya Baba ndiyo iliyotoka kwanza. Nikaifungua, nikaanza kusoma kwa sauti, "Baba, nimefikiri sana na nimeamua," na jicho langu likatangulia mbele likaona yanayofuata. Nikakohoa. Kisha nikaendelea, "nimeamua kwamba Akha Teej ni mbali mno, ingekuwa kesho ningefurahi." Hivyo ndivyo ulivyoandika, kaka. Ukaendelea kusema kwamba unamheshimu sana baba yake Lehri, kwamba utaleta vilemba viwili vya hariri, na kwamba unaomba Mama akusamehe kwa mara zote ulizomjibu vibaya. Mama alilia. Baba akasema hakujua kumbe una maneno mazuri hivyo. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye moto wa chai.

Usishangilie bado. Mke ni mke yako imetembea. Mama aliirudia kwa Shangazi kama mfano wa mtoto mtiifu, Shangazi akaipeleka gulioni, na baba yake Lehri kaikuta huko. Amesema hampi binti yake mtu anayeandika kurasa tatu juu ya kupe na mstari mmoja juu ya bibi harusi. Atakuja kwetu tarehe ishirini na tano, na anataka asikie kutoka kwako kama unamtaka au unamchukua kama gunia. Asipotosheka atatema mate mlangoni na kuondoka, na harusi zote mbili zimekwenda.

Safari hii siwezi kukutungia. Baba yetu ananiamini. Yule mzee huangalia macho ya msomaji kama yanakwenda na mistari. Andika mwenyewe, na uandike kweli. Kama kweli ni kwamba humtaki, basi andika hivyo, nami nitaisoma. Lakini ndoo haivunjwi na mtu anayesema mke ni mke.

Sayari

*

Hyderabad
14 Aprili 1989

Sayari,

Ram-Ram. Nimekaa chini, kama ulivyoshauri, kwenye sakafu ya banda, na ndama wananitazama.

Nilimsomea Yadagiri barua yako. Alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kisha akaniuliza, "Basi huyu Lehri, ni mke ni mke?" Nikaanza kufua mfuko uliokuwa safi. Akasema, "Nilijua. Tangu Novemba unamwita kila kupe jike Bibi, hujampa hata mmoja jina, eti jina moja umeliweka akiba."

Daktari amenipa ruhusa siku ishirini na tano. Aliniuliza sababu nikamweleza yote, hata mtandio. Akavua miwani zote mbili. Akasema kazi ya miaka kumi na moja imemfundisha kwamba jike huita mapema sana, wanaochelewa kusikia ni watafiti.

Karatasi ya wazee imo humu. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri kama yale uliyonitungia, nikaichana, maana si yangu. Hii ni yangu. Isome kama ilivyo, nawe nakuomba, safari hii usinisaidie.

Ikienda vibaya, niambie tu. Nitakuwa nimeshapanda treni.

Pema

*

Kherali
27 Aprili 1989

Kaka Pema,

Ram-Ram. Barua hii naituma kwa mjomba mmoja wa Gomaram anayefanya kazi kwenye stesheni ya Marwar. Atakungojea kwenye jukwaa, utamjua kwa masharubu. Soma ukiwa umekaa kwenye mizigo yako.

Walikuja tarehe ishirini na tano wakati wa chai. Baba yake Lehri, wanawe wawili wakubwa, na Gomaram nyuma kabisa akitazama viatu vyake. Mimi nimeshusha mtandio mpaka kidevuni. Mama aliweka sahani ya sukari guru katikati, kwa ajili ya kufunga maneno kama yatafungika, na hakuna aliyeigusa.

Baba yake Lehri akasema, "Hiyo barua ipo?"

Baba akasema, "Ipo. Mwanangu ana maneno mazuri sana, utaona." Masikini Baba.

Nikaifungua. Nikaona ulichoandika. Nikatazama karatasi, nikatazama kilemba chekundu cha baba yake Lehri, na ninaapa kaka nilitaka kutunga. Ningeweza. Maneno yalikuwa yameshajaa mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa juu yangu, na wewe ulikuwa umeomba. Nikasoma.

"Baba, ni Pema. Namtaka Lehri. Nilisema mke ni mke, nilikuwa nadanganya, niliogopa kuchekwa. Mwaka juzi gulioni alikuwa ananywesha ngamia, nikapita, akanimwagia ndoo nzima miguuni, akacheka, na hakuomba radhi. Tangu siku ile sina akili. Nilikuja huku mbali nikidhani itapona kwa kazi, nayo haikupona. Mimi ni mtu wa kuzoa samadi na mgongo unaniuma. Sina cha kujisifia kwa baba yake. Lakini nikimkosa, msinitafutie mwingine. Ndiyo hayo."

Baba alivuta ncha ya kilemba akafunika uso mzima. Kaka mmoja wa Lehri akatazama dari, na nyumba yetu haina dari. Mtu kumtamka mchumba wake hivyo mbele ya baba mkwe, kaka, sijawahi kusikia, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo.

Baba yake Lehri akasema, "Rudia hapo kwenye ndoo."

Nikarudia.

Akasema, "Binti yangu mimi? Amemwagia maji mtoto wa watu?"

Gomaram, kutoka nyuma, akasema polepole, "Ni kweli Baba. Nilikuwepo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, cheko la kupasua mbavu, mpaka Mama naye akaanza, na Baba chini ya kilemba. Alipopata pumzi akasema, "Huyu hajui kudanganya. Mume asiyejua kudanganya ni taabu ya mke wake, si yangu." Akanyoosha mkono, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote cha sukari guru, akakila. Kaka zake Lehri wakala. Baba akala akiwa bado amejifunika. Gomaram alichukua vipande viwili, mimi nilivihesabu.

Harusi ni Akha Teej, zote mbili, siku moja. Una siku kumi na moja kutoka leo. Usishuke stesheni ya nyuma kama mwaka ule.

Kitu kimoja zaidi. Mzee alipofika kwao alimwita Lehri na kumuuliza mbele ya mama yake, ile ndoo ilimponyoka au vipi. Gomaram ameniletea jibu asubuhi hii. Lehri amesema haikumponyoka. Alilenga.

Dada yako,
Sayari